Shati la Mbwa

Siku ya ishirini na tatu, Aktos alikula nyama mkononi mwa Bekzat.

Marjan alishuhudia kwa macho yake mwenyewe, maana alikuwa amekaa palepale kwenye sakafu ya stoo, mgongo ukutani, akijifanya anatazama mlango. Ndivyo walivyofundishwa na Tamara, bibi wa kituo cha mbwa waliookotwa, siku walipokwenda kumchukua. Usimtazame machoni. Usimwinamie. Usimfuate. Kaa upande, nyosha mkono, subiri mpaka aamue mwenyewe, na mlango uache wazi aone pa kutokea. Subira yavuta heri, husema watu, ila hawasemi kwamba huvuta na maumivu ya kiuno.

"Bekzat," alinong'ona.

"Shh. Usicheke, utamtisha."

"Sicheki. Nalia."

Bekzat aligeuka kidogo akamtazama mkewe, na Marjan akaona macho yale aliyoyapenda tangu akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, macho ya mtu aliyefurahi akaona haya kufurahi. Aktos alimaliza nyama, akalamba vidole vya Bekzat kimoja kimoja, na hakurudi nyuma ya magunia ya viazi. Alibaki.

"Nijaribu?" Bekzat aliuliza.

"Polepole. Kutokea chini, si kutokea juu."

Alikuwa ameshona mkanda kwa ngozi ya tandiko kuukuu la marehemu baba yake, akaulainisha kwa mafuta ya kondoo jioni tatu mfululizo. Waya wa wakamata mbwa ulikuwa umemwachia Aktos kovu shingoni, mahali ambapo manyoya hayakuota tena, na kwa siku ishirini na mbili kitu chochote kilichokaribia shingo ile kilimfanya ajikojolee. Sasa Bekzat aliupitisha mkanda chini ya kidevu, taratibu, huku akimnong'oneza maneno ya kipuuzi kama anavyobembelezwa mtoto mchanga. Aktos alitetemeka. Akafumba macho. Akakubali.

Marjan aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, na wakakaa hivyo, watu wawili wazima sakafuni kati ya viazi na vitunguu, wakicheka bila sauti. Muda mrefu ulikuwa umepita bila wao kucheka pamoja. Mbwa huyu aliyetupwa ndiye aliyewakalisha chumba kimoja, wakanyamaza pamoja, wakaanza tena kuzungumza.

Walichokuwa hawakizungumzi ni kile cha miaka miwili nyuma. Daktari wa Almaty alikuwa amewawekea karatasi mezani na kusema kwa upole kwamba mke hana tatizo lolote, tatizo liko kwa mume. Kwenye gari Bekzat alilia mpaka akashindwa kuwasha injini. "Mama asijue," alimwambia. "Nipe muda. Nikiwa tayari nitamwambia mwenyewe." Marjan akaapa kwa sababu alimpenda, na tangu siku hiyo akawa yeye ndiye mti usiozaa wa mtaa wao mzima wa Talgar. Kila arusi, kila kilio, kila alipomimina chai kulikuwa na shangazi mmoja wa kumuuliza, "Bado?" naye anajibu, "Bado, tuombeeni," na Bekzat akiwa amekaa palepale anatafuna.

"Ameshakula?"

Alikuwa mama mkwe, Kulyash, amesimama nje ya mlango wa stoo ameshika pindo la gauni lake. Ndani hakuingia. Malaika, alisema, hawakai panapokaa mbwa, na yeye katika umri wake alikuwa anawahitaji malaika kuliko mtu yeyote. Lakini Marjan alijua ni nani aliyekuwa akiacha mifupa ya supu mlangoni kila alfajiri.

"Amekula, mama. Mkononi mwa Bekzat!"

"Alhamdulillahi. Basi kesho atafaa."

"Atafaa nini?"

"Shati, mwanangu. Kesho si arobaini ya mjukuu wangu? Hukumbuki?"

Marjan alikumbuka. Shemeji yake mkubwa na mkewe, Saltanat, waliishi gorofani mjini, kusiko na uwanja wala mbwa, kwa hiyo mtoto angetolewa arobaini hapa kwa bibi yake. Angeogeshwa kwa vijiko arobaini vya maji, avuliwe lile shati la kwanza alilovaa tangu kuzaliwa. Shati lingefungwa peremende ndani, kisha lifungwe shingoni mwa mbwa, na watoto wa mtaa wamkimbize mpaka wamvue, wagombee peremende. Ndivyo walivyofanyiwa wote, na babu zao. Na shati lenyewe hupewa mwanamke anayetafuta mtoto, alilaze chini ya mto wake.

"Mama," Marjan alisema, "huyu amekimbizwa vya kutosha."

"Watoto si wakamata mbwa. Wanachofukuza ni peremende."

"Yeye hajui tofauti. Tamara kasema mwezi wa kwanza asione hata wageni, sembuse..."

"Tamara, Tamara! Tamara ndiye atakayenipa mjukuu?"

"Si tuchukue mbwa wa Serik, jirani?"

"Lile dude? Litamla mtoto pamoja na peremende zake!" Kulyash alicheka peke yake, kisha sauti yake ikalainika. "Sikiliza, mwanangu. Sisemi kwa ubaya. Nimekesha nikiliwaza jambo hili. Shati la mtoto wa nyumba hii, kwa mbwa uliyemlea kwa mkono wako mwenyewe, halafu likalazwa chini ya mto wako. Hilo lisipokufungua, mimi sijui tena nikuombee vipi."

Macho ya mama yule yalikuwa yamelowa, na hicho ndicho kilichomuuma Marjan. Angekuwa mkwe mwenye roho mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Alimgeukia Bekzat. Bekzat alikuwa akilitazama bakuli la mbwa kama kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani yake.

"Tutazungumza, mama," alisema hatimaye.

"Zungumzeni," Kulyash akajibu, akaondoka na pindo lake mkononi.

Marjan alingoja mpaka mlango wa nyumba kubwa ukafungwa kwa kishindo. "Utamwambia hapana."

"Niachie mimi."

"Nimekuachia mambo mangapi, Bekzat?"

"Usianze."

"Sijaanza mimi. Kesho wataniita katikati ya wanawake thelathini, wanipe shati la mgumba mbele ya macho yako. Na wewe unajua. Mimi na wewe na daktari tunajua."

Rangi ilimpotea Bekzat usoni. Alimshika mkono akaukandamiza kifuani pake, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kweli. "Marjan, roho yangu. Nisikilize. Asubuhi, kabla wageni hawajajaa, nitamtoa Aktos kwa mlango wa nyuma, nimpeleke bustanini kwenye matofaa, nikae naye huko mpaka watu watawanyike. Hawezi kufungwa shati mbwa asiyekuwepo. Sawa?"

"Na lile jambo?"

"Arobaini ikipita nitamwambia."

"Siku zote kuna kitu kinangojewa kipite."

"Nakuapia kwa kaburi la baba. Aktos hatakimbizwa, na mama nitamwambia."

Akambusu kiganja. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Marjan aliamini, na usiku ule alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata kwa miezi.

Kesho yake nyumba ilifurika. Wanawake walikuja na vitambaa, na vyakula vilivyofunikwa kwa taulo, na ndimi zao. Mtoto aliogeshwa kwenye beseni lenye pete za fedha, kila mzee akimwagia kijiko chake na dua yake, na Saltanat akasimama pembeni, amenona kwa mapumziko ya siku arobaini, akipokea pongezi kama aliyevumbua uzazi. Marjan alikaa penye birika. Kumimina chai ni kazi ya mke wa nyumba, na lazima imiminwe nusu kikombe, maana kikombe kilichojaa ni kumwambia mgeni anywe aende zake. Vikombe thelathini, nusu nusu, bila kupumzika.

"Bado, Marjan?" shangazi mmoja aliuliza, akirudisha kikombe.

"Bado, shangazi. Tuombeeni."

Alilisema bila kuumia sana leo. Asubuhi alikuwa amemwona Bekzat akienda stoo na kipande cha nyama mfukoni, na moyo ulikuwa umetulia. Huko kwenye matofaa kuna majani marefu, aliwaza, na kivuli. Aktos atalala.

Ndipo aliposikia watoto.

Haikuwa kelele ya kucheza. Ilikuwa ile kelele ya kungojea, ya watoto kumi na wawili wanaoambiwa nyamazeni kwanza, nyamazeni. Marjan aligeuka dirishani na kikombe mkononi.

Bekzat alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja. Alikaa upande, uso ameugeuzia pembeni, mkono wa kulia ameunyosha na nyama. Alifanya kila kitu kama walivyofundishwa. Na Aktos alikuwa akimjia, tumbo karibu liguse ardhi, masikio nyuma, anatetemeka kwa sababu ya wale watu wote, lakini anamjia, kwa sababu mkono ule aliujua. Alikula. Akalamba vidole. Na mkono wa kushoto wa Bekzat ukapita chini ya kidevu, taratibu, kutokea chini, ukiwa na kile kishati cheupe kilichovimba peremende.

Marjan alimwagikiwa na chai vidoleni asiisikie. Aktos alifumba macho, akakubali kufungwa.

"Haya!" Kulyash akapiga makofi.

Watoto walimwagika. Mbwa aliruka mara moja, akaanguka, akainuka, akazunguka uwanja mara mbili huku mikono ikimvuta shingoni, na kila aliyemkosa alicheka, na kila aliyecheka aliongeza mbio. Peremende zilitawanyika mchangani. Wanawake walipiga vigelegele madirishani. Geti lilikuwa wazi kwa sababu ya wageni, na Aktos akaliona.

Marjan alikuwa ameshafika uani, miguu mitupu, gauni la sherehe amelikunja mpaka magotini. Alimpita Bekzat bila kumtazama. Barabarani aliwazuia watoto kwa mikono yote miwili na kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, nao wakarudi ndani wameduwaa.

Alimkuta kwenye mfereji wa maji uliobaki na matope tu, nyumba tatu mbele, amejisukuma kinyumenyume ndani ya kalavati la saruji alikoweza kuingia na asikoweza kugeukia. Kichwa tu kilionekana, na kile kishati kimekaza shingoni kwa fundo lililovutwa na mikono mingi. Marjan alilala chini mferejini, ubavu kwa ubavu na matope, akageuza uso pembeni. Hakunyosha mkono. Alisubiri. Akasema maneno ya kipuuzi, yaleyale ya Bekzat, kwa kuwa hayo ndiyo Aktos aliyoyajua, na alipoyasikia yakitoka kinywani mwake alilia kwa mara ya kwanza.

Ilichukua muda wa kunywa birika zima kabla ya pua ya mbwa kugusa kiwiko chake. Fundo alilifungua kwa meno.

Hatua zikasikika juu ya mfereji. Kabla Marjan hajainua kichwa, Aktos alikuwa amezitambua. Alirudi nyuma mpaka mifupa ikagonga saruji, na mkojo ukatiririka ukalowesha mkono wa Marjan.

"Simama hapohapo," Marjan alisema.

Bekzat alisimama. Aliona mkojo, akaona na kile kishati kwenye ngumi ya mkewe. "Marjan..."

"Uliapa kwa kaburi la baba yako."

"Nilikuwa nimeshafika mlango wa nyuma. Mama akanikuta. Alilia, Marjan, mbele ya kaka. Akasema ananiomba kitu kimoja tu kabla hajafa. Ningefanyaje?"

"Ungesema."

"Ningesema nini?"

"Hilo usiniulize mimi. Unalijua."

"Nilidhani ameshazoea," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani dakika mbili, zipite, kila mtu aridhike."

"Alikuzoea wewe. Watoto wangemwita mpaka kesho asingesogea. Kwa nini hukumpa kaka yako amfunge? Kwa nini hukumwachia mama? Ulijua hakuna mkono mwingine atakaoukubali, ndiyo maana ulitumia wako."

Bekzat alikaa ukingoni mwa mfereji, mikono usoni, na bado alikuwa mzuri, bado shingo yake ilikuwa ileile aliyoizoea kuilalia. Marjan alimtazama akaona ajabu kwamba mtu anaweza kupendwa kiasi kile na kudharauliwa saa hiyohiyo.

Walirudi mmoja mbele, mmoja nyuma kwa umbali. Aktos alitembea akiwa amejibana kwenye mguu wa Marjan mpaka walipofika getini. Hapo alisimama. Marjan alimvuta kidogo, akagoma, makucha yamechimba changarawe. Hakumvuta tena.

Kulyash alitoka, na wanawake nyuma yake, na Saltanat na mtoto wake mpya aliyenukia sabuni.

"Umempata! Alhamdulillahi," Kulyash alisema. "Tazama gauni lako, mwanangu, umekuwa fundi matofali. Shati liko wapi? Halijachanika?"

Marjan alifungua ngumi.

"Haya basi, mpe mumeo mbwa, unawe, uje uketi katikati tukuombee. Wenzako wamengoja. Miaka sita si mchezo, lakini Mungu si kiziwi. Mti usiozaa haukatwi, unamwagiwa maji."

"Amina," wakaitika wanawake.

Marjan hakumtazama mama mkwe. Alimtazama Bekzat. Alimtazama kwa utulivu, bila hasira, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite. Neno moja lingetosha. Hata asingelisema vizuri, hata angegugumia, Marjan angemshika mkono na kulibeba pamoja naye mbele ya ukoo mzima, angesema sisi, asingesema yeye. Mtoto wa Saltanat alipiga chafya. Wanawake walingoja. Bekzat alilamba midomo.

"Marjan," alisema taratibu, "pokea tu. Watu wanatazama."

Basi. Marjan alihisi kitu kikiachia ndani yake, bila maumivu, kama jino lililolegea siku nyingi. Akamwendea mumewe, akamshika mkono wa kulia, ule wa nyama, akauwekea kile kishati kidogo chenye matope na mkojo, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Lako hili," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini uani palikuwa kimya. "Lilaze chini ya mto wako."

Shangazi mmoja aliguna. Kulyash alitabasamu kwanza, akidhani ni utani wa mke na mume, halafu tabasamu likamkauka. Alimtazama mwanawe, akaitazama ile ngumi iliyofumbwa, akamtazama tena.

"Lake kivipi?" aliuliza. "Marjan, lake kivipi?"

"Mimi niliapa sitasema, mama. Na sijasema. Muulize mwanao."

"Unakwenda wapi miguu mitupu?"

"Kwa Tamara. Huyu hataingia tena humu, na siwezi kumlazimisha."

"Na wewe je?"

Marjan alitaka kumjibu vizuri, maana mama yule alikuwa akimwachia mbwa mifupa alfajiri akidhani haonekani. Alimbusu mkono wake, akaugusisha kwenye paji lake la uso kama siku alipoingia nyumba ile kama bibi arusi, kisha akageuka.

Alikuwa ameshafika kwenye kona ya Serik, lile dude likibweka kwa mnyororo wake, aliposikia sauti ya Bekzat nyuma, imepasuka. "Ni mimi, mama. Si yeye. Ni mimi tangu mwanzo." Kisha kilio cha Kulyash, kirefu, cha mwanamke aliyefikiwa na habari ya msiba, na katikati ya kilio hicho jina la Marjan, mwanangu, rudi mwanangu nikuombe radhi.

Maneno aliyoyangojea miaka miwili yalikuwa yamesemwa, barabara nzima imeyasikia, na hayakumletea hata nafuu ya kuvuta pumzi. Aktos alikuwa ametangulia hatua mbili, anageuka kumtazama kama anafuata.

Bekzat akaja mbio mpaka getini, akaliita jina lake mara tatu. Mara ya kwanza Marjan alijizuia asigeuke. Mara ya pili alijizuia pia, akauma mdomo mpaka akaonja damu. Mara ya tatu hakuhitaji kujizuia.